Taitresheni ya fom foo (ile ya kudondoshea asidi kwenye besi mpaka zimalizane) ilikufanya nini? Tupeane uzoefu

Wakuu, mdogo wangu anaingia praktiko ya kemia mwaka huu, jana kaniuliza MO (methyl orange, ile dawa ya kuonyesha asidi na besi kwa rangi) inabadilikaje nikacheka peke yangu. Siku yangu mimi asidi iko kwenye bureti (ule mrija mrefu wenye vipimo na koki chini), besi kwenye flaski, matone mawili ya MO, njano safi kabisa, natikisa huku naachia kidogo kidogo, jirani akanong'ona nimpe raba, kurudisha macho nakuta nyekundu, asidi imepitiliza. Ilitakiwa niishie kwenye rangi ya chungwa. Nikasema sawa hiyo ni pailoti, ya kujaribia tu, ya kwanza nayo ikaenda hivyohivyo, mbili zilizobaki nikapika namba. Mwenye chake alete.

—

Afadhali wewe. Sisi shule ya kata bureti tulichorewa ubaoni, kuja kuishika ilikuwa siku ya mtihani. Namba zake zinaanza sifuri juu zinashuka, mi nimezoea silinda ya kupimia ambayo namba zinapanda, basi nahesabu vimistari kutoka chini kwenda juu, maji yako 23.6 naandika 24.4. Zote nne hivyo. Konsistenti balaa 😂

—

Mi kwenye moko MO ilikuwa inazunguka kwa wenzangu, nikaona uvivu kusubiri nikachukua POP (phenolphthalein, dawa nyingine ya rangi, kwenye besi ni pinki). Kumbe besi ni sodiamu kaboneti. Pinki ikapotea kwenye 12, watu wote wanasoma 24, nikajiona mjanja nimewahi kumaliza. Mwalimu ndo akanifungua macho, POP inapoteza rangi kaboneti ikishageuka baikaboneti tu, nusu ya kazi bado iko humo kwenye flaski.

—

Waliokunywa NaOH (sodiamu haidroksaidi, besi kali) tujuane. Enzi zetu pipeti, ule mrija wa kupimia besi, unanyonya kwa mdomo, ncha ikatoka nje ya maji nikavuta hewa, mzigo wote ukaja. Unateleza kama sabuni ya kufulia na uchungu wake, midomo ikachubuka siku mbili. Halafu kuna fala mmoja ananiletea asidi ya HCl nisukutue, eti zitamalizana humohumo mdomoni!! Si ungeniunguza mara ya pili we ndugu? Mwalimu akanisukumia bombani, nikasukutua maji mpaka kipindi kikaisha.

—

Huyo wa 24.4 kanimaliza 😂 Mkuu wa NaOH, siku ya pepa yenyewe ulifanyaje?

—

Nilinyonya kwa adabu, jicho kwenye ncha.