Tupeane uzoefu: kubadili mkanda wa taimingi nyumbani, sisi wenye gari za zamani hapa Tanga

Baba Mwana (Makorora)

Habari za jioni, wana Tanga. Mwezi huu majirani watatu wameniuliza habari ya mkanda wa taimingi, ule wa raba wenye meno unaounganisha krenki (inayozungushwa na pistoni) na kemushafti (inayofungua valvu), na wote hawajui wa kwao ulibadilishwa lini. Naanza na yangu, kisha kila mmoja aweke yake, ya heri na ya shari.

Gari yangu ni Corolla 110, injini 5A. Niliinunua kwa mwalimu aliyekuwa anahama mkoa. Niliuliza oili, tairi, bima. Mkanda haukunipitia akilini. Asubuhi moja naenda mazikoni Muheza, nimeshaipita Pongwe, injini ikazimika palepale: hakuna mlio, hakuna moshi, hakuna taa iliyowaka kabla. Nikipiga stata inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kama cherehani isiyo na kitambaa. Mzee mmoja muuza machungwa, zamani utingo wa malori, akavuka barabara, akafungua kofia ya distribyuta (kigawa moto wa plagi, kinachozungushwa na kemushafti), akaniambia, "Hebu gusa stata kidogo, mwanangu." Rota ya ndani yake haikusogea hata chembe. "Basi usiipige tena. Mkanda umekatika."

Mungu alinistiri, maana 5A mkanda ukikatika pistoni hazifiki kwenye valvu. Nilivutwa kwa kamba hadi nyumbani, na Jumamosi nikaanza kazi uani, na jirani yangu mwenye kujua spana.

Kufungua hakuna siri, kunataka subira tu. Toa waya wa hasi wa betri, gurudumu la mbele la kulia, mikanda ya nje, plagi, kava ya juu ya valvu. Weka jeki chini ya sampo (bakuli la oili), katikati weka kipande cha mbao ili usiitoboe, ndipo ufungue injini maunti (kishikio cha injini) ya kulia. Gari yenyewe ikae juu ya stendi. Jeki peke yake usiiamini.

Kazi yenyewe iko kwenye alama. Puli ya krenki ina mfuo, unaufikisha kwenye sifuri iliyoandikwa kwenye kava. Juu, gia ya kemushafti ina kijitundu. Ukichungulia humo sharti uione alama iliyochongwa kwenye kofia ya beringi nyuma yake. Krenki inazunguka mara mbili kemushafti ikizunguka mara moja, kwa hiyo chini pakikubali na juu kijitundu kiko upande wa pili, zungusha krenki duru moja zaidi.

Nikavalisha mkanda mpya, nikaachia tenshena (puli ndogo inayokaza mkanda), nikazungusha krenki kwa spana, kwa mkono, duru mbili kamili kufuata saa. Nikarudi kuchungulia. Chini sifuri imekaa sawasawa. Juu sikuiona alama nzima, niliona ukingo wake tu, mfano wa mwezi mwandamo. Jirani akasema, "Hicho kidogo, shehe, ikiwaka itajiweka." Giza lilikuwa linaingia na mbu wameshatutia mkononi. Nilikataa, tukalala. Asubuhi nikavua mkanda: kumbe nilipouvalisha, upande usio na tenshena niliuacha umelegea, na tenshena ilipovuta, gia ikasogea jino moja. Upande ule lazima uwe umekaza kabla hujavalisha gia ya mwisho. Ulegevu wote uangukie kwenye tenshena. Mara ya pili alama ilijaa kijitundu chote. Ndipo nikatafuta ufunguo.

Kapteni wa Pangani Road

Wewe umestiriwa, kaka. Mimi sikustiriwa.

Nilikuwa na Hiace ya dizeli, 5L, naipeleka Tanga–Pangani. Taa ya T-BELT iliwaka kwenye dashibodi. Nikampelekea fundi, akaizima, akasema hizi taa husumbua. Nilimwamini kwa kuwa gari ilikuwa inavuta vizuri. Taa ile haijui hali ya mkanda. Inahesabu kilomita tu, na mkanda wa injini hizi unapewa kilomita 100,000. Kuizima ni kurudisha hesabu mwanzo, mkanda unabaki uleule wa zamani.

Ulikatika karibu na Kigombe, nina abiria na ndoo za samaki. Huu haukuwa ukimya, ulikuwa mlio wa chuma kwa chuma ambao nausikia mpaka leo. Kwenye 5L valvu zinakutana na pistoni. Silinda hedi ilishuka, valvu zikatoka zimepinda, na gari ikalala karibu miezi miwili huku watoto wanasubiri ada. Wenye Hiace na Hilux za dizeli, nawaomba kwa unyenyekevu kabisa: taa ikiwaka, egesha. Na anayetaka kujaribu mwenyewe ajue huku alama ni tatu: krenki, kemushafti na pampu ya dizeli, maana mkanda mmoja unazungusha zote.

Mama Sahare

Poleni sana, hasa Kapteni. Mimi nina RAV4 ya toleo la kwanza, injini 3S. Mdogo wangu ndiye aliyenibadilishia hapa nyumbani, na kazi yake ilikuwa safi. Kosa lilikuwa langu. Alinishauri, "Dada, tuweke na wota pampu mpya, kwenye 3S inazungushwa na mkanda huuhuu." Nikaona iliyopo haivuji, nikaitunza pesa.

Haikufika hata mwaka. Nikaona maji yanadondoka upande wa gurudumu la kulia, tukafungua, mkanda mpya umelowa maji ya rejeta. Kila kitu kikarudiwa: maunti, kava, tenshena, na mkanda mwingine. Sili za oili nazo ni hivyohivyo, ya krenki na ya kemushafti. Ni vijipira vya bei ndogo, lakini kimoja kikivujisha oili juu ya mkanda, raba inalainika na kuharibika kabla ya siku zake. Ukishafika kule ndani badili vyote, na beringi ya tenshena ukiizungusha kwa kidole ikakwaruza, usiirudishe.

Chumbageni Boy

Shikamooni wakubwa. Nimekwama kwenye bolti ya puli ya krenki. Gari ni otomatiki, Spacio old model, na imekaa Raskazone miaka mingi, chumvi imeila. Kuna rafiki kaniambia nishikize spana chini kwenye chasisi nipige stata, itafunguka yenyewe.

Baba Mwana (Makorora)

Marahaba, mdogo wangu. Usifanye hivyo. Spana ikichoropoka kwa nguvu ya stata inavunja mkono, na ukikosea upande unazidi kuikaza. Gari ya manyuo unatia gia ya tano, mtu anakanyaga breki. Ya otomatiki tafuta chuma bapa kirefu, kitoboe matundu mawili yaendane na matundu yenye uzi kwenye uso wa puli, ukifunge kwa bolti, ncha yake iegemee chini. Puli haitazunguka. Kisha soketi 19 na bomba refu kwenye mpini. Inyunyizie dawa ya kutu tangu usiku, bolti za gari za pwani zina kiburi.

Fundi Kange

Naongeza moja, kwa sababu nawaona wengi wanaletewa bili ya mkanda ambao gari haina. IST, Vitz, Premio new model, Spacio new model: hizo zina cheni ndani. Spacio old model yenye 4A ina mkanda, Chumbageni Boy yuko sahihi. Uliza aina ya injini kabla ya kununua spea.

Mkanda mpya usiukunje wala kuupinda kwa nje, nyuzi za ndani zinakatika bila kuonekana. Uweke ubavuni mwa wa zamani, uhesabu meno yote. Na usipime umri kwa kilomita peke yake. Raba inazeeka hata gari ikiwa imesimama.

Halafu, Chumbageni Boy, fungua boneti utazame kama kuna stika ya Kijapani. Mafundi wa kule mara nyingi huandika siku waliyobadili mkanda na kilomita. Mwaka ukiwa tarakimu mbili tu, huenda ni hesabu yao ya Heisei (miaka ya enzi ya mfalme wao aliyepita): jumlisha 1988.

Chumbageni Boy

Nimetoka nje na tochi sasa hivi. Ipo, imefifia, ubavuni mwa kava. Imeandikwa 17, halafu 9, halafu 84,000.

Kumi na saba na 1988 ni 2005. Gari imebaki na mkanda huo muda wote huu, na juzi tu nilimpeleka mama Korogwe nayo.

Chuma bapa nimeshakipata kwa mchomeleaji, kesho asubuhi anatoboa matundu. Gari haitoki hapa uani.