Wimbo wa ukumbini umeingia kwenye video ya harusi, naruhusiwa kuipandisha YouTube?

Fundi Kamera, Tororo
Habari za jioni wakubwa. Maharusi wangu wa Jumamosi wanataka video yao niipandishe kwenye chaneli yangu ili ndugu walioko Nairobi na Uingereza waione. Shida ni muziki. Bibi harusi anaingia na gomesi ya kijani, spika zinapiga wimbo wa msanii wa Kampala, na kamera imenasa vyote kwa pamoja: wimbo, vigelegele, shangazi akilia. Wenzangu wanasema nitumie sekunde 30 tu na niandike chini kwamba wimbo si wangu. Wengine wanasema ukumbi umeshalipia leseni. Ukweli ni upi? Sitaki kumdhulumu msanii, wala sitaki chaneli ifungwe, maana ndiyo inayoniletea kazi.

Mtayarishaji, Jinja
Kaka, umefanya vyema kuuliza mapema. Hakuna sheria ya sekunde 30, na kuandika kwamba wimbo si wako hakugeuki ruhusa. Leseni ya UPRS, chama kinachokusanya malipo ya muziki kwa niaba ya wasanii hapa Uganda, anayolipia mwenye ukumbi ni ya kupiga muziki mbele ya watu; kuuweka wimbo kwenye picha ni jambo lingine. Na usidanganywe kwamba wimbo usiosajiliwa URSB, ofisi ya serikali ya usajili, ni wa kila mtu. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2006 humlinda mwenye kazi hata bila usajili.

Mimi hurekodi wasanii, na hapa ndipo panaponiuma. Wimbo mmoja una haki mbili: utunzi, na rekodi yenyewe. Msanii akikujibu WhatsApp "tumia tu", muulize nani alitunga na nani anamiliki rekodi. Mara nyingi mtunzi ni kijana ambaye hata redioni hatajwi, na pesa zikigawanywa hayupo mezani. Andikeni karatasi moja: wimbo gani, video ipi, itawekwa wapi, kwa muda gani, kwa shilingi ngapi au bure. Wenye haki wote watie sahihi.

Mama Mhariri, Mbale
Naongezea upande wa YouTube. Content ID, mfumo wa YouTube wa kutafuta kazi za watu ndani ya video, huutambua wimbo hata ukiwa umechanganyika na kelele za ukumbi. Hapo kwa kawaida unapata dai: mwenye wimbo anaweza kuchukua mapato ya matangazo au kuizuia video. Dai si onyo la hakimiliki (strike). Maonyo 3 ndani ya siku 90 ndiyo yanayoweza kuifunga chaneli.

Ruhusa ikikosekana, zima sauti sehemu hiyo, uweke muziki wa maktaba ya bure ya YouTube. Ukichukua wa Creative Commons, yaani ule ambao mwenyewe ameruhusu utumike kwa masharti, soma masharti yake: upo usioruhusu biashara, na wewe unalipwa. Upo pia usioruhusu kubadilishwa, na huo haufai kabisa kuunganishwa na picha. Kama uliweka maiki nyingine mbali na spika za wimbo, vigelegele vya shangazi utavipata humo.

Fundi Kamera, Tororo
Maiki ilikuwa kwa mshereheshaji, vigelegele vimo. Asanteni sana. Ila bibi harusi anautaka wimbo uleule, kwa hiyo nimempigia meneja wa msanii. Anasema nimtumie kipande kwanza.

Mtayarishaji, Jinja
Mtumie jinsi kitakavyoonekana, usikikate. Na kabla hamjataja bei, mwombe namba ya mtunzi.