Mtoto kavalishwa koti la maabara apigwe picha, kisha KAVULIWA!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Wale jamaa wa kambi ya sayansi ya likizo, wenye mabango kila nguzo ya umeme, mnawajua. "Sayansi kwa vitendo"! Nimelipa 80,000.

Leo nimewahi kumfuata binti yangu. Nakuta watoto wamepangwa foleni ndefu hadi getini kama ya mgao wa maji. Anavalishwa koti jeupe, anashikishwa hadubini, picha, anavuliwa, koti anapewa wa nyuma yake. Koti MOJA! Mtoto hata jicho hajaweka kwenye lenzi. Namuuliza umeona nini kambini, ananijibu, "Mgongo wa mwalimu."

Wiki nzima mwalimu kachanganya siki na magadi soda peke yake, povu juu, makofi, kaeni chini. Jamani, utando wa kitunguu na tone la iodini, mtoto anaona seli kwa macho yake! Kitunguu nacho kimeadimika? Wamemvua koti mwanangu!

Kidevu: 80,000 ulitaka arudi na Nobel?

Mama Pacha: Pole dada. Wangu aliambiwa asiguse sumaku, ataimaliza nguvu.

Bureti Moja: Mnadeka. Sisi kidato cha nne, titresheni ya asidi na besi, bureti (mrija wa kudondoshea asidi) moja, kundi zima. Rangi ikibadilika tunatangaziwa na walio mbele.

Kidevu: Na pendulamu ya jiwe na uzi wa kiatu 😂

Mleta uzi: Msitoke kwenye mada! Kashikishwa hadubini isiyo na slaidi, kisha KAVULIWA KOTI!

Mwl. wa Baiolojia: Akifika sekondari mtafutieni mwalimu wa kumsimamia aingie mashindano ya Young Scientists Tanzania. Ilianza 2011, wanafunzi wanafanya utafiti wao wenyewe na kuutetea mbele ya majaji.

Bureti Moja: Shule yenye mwalimu wa fizikia mmoja, nani atamsimamia?

Baba Jose: Wa sayansi mna nafuu. Mimi nimelipia kambi ya kuogelea, bwawa halina maji.

Mama Pacha: La karibu na soko? Lenye ngazi za kijani?

Baba Jose: Hilo hilo!

Mleta uzi: Na koti je?

Kidevu: Subiri dada. Baba Jose, ada walirudisha?

Baba Jose: Thubutu! Wakawafundisha kupiga mbizi kwenye mikeka.

Mama Pacha: Fungua uzi wako, tunakuja.