Naomba ushauri: uwatu, soya na kitani kwa joto la ukomo wa hedhi

Makorora76: Habari wanajukwaa. Hedhi ilikata mwaka juzi. Usiku joto linapanda kifuani hadi usoni, shuka linalowa, kisha natetemeka. Nataka kuanza uwatu, unga wa soya na mbegu za kitani. Kipimo kikoje? Msiniambie hospitali, foleni nimezichoka.

MpishiLishe: Soya usisage mbichi, itakuvuruga tumbo. Loweka usiku kucha, chemsha nusu saa, fikicha maganda, anika, ndipo usage. Kitani nacho kisagwe, kikimezwa kizima kinatoka kilivyoingia. Vijiko viwili vya chakula kwa siku na maji mengi, la sivyo choo kitagoma.

MzeeKijiwe: Bibi zetu walijipepea kwa ungo na maisha yakaenda 😂

NesiZamu: Dada, unatumia dawa gani? Uwatu unashusha sukari, na kwa mwenye warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, damu inaweza kuzidi kuwa nyepesi.

Makorora76: Kidonge kimoja tu cha kila siku, hakihusiani.

NesiZamu: Jina lake?

Makorora76: Tamoksifeni, ya saratani ya titi. Nilipasuliwa titi. Lakini mimea si kemikali, na dozi nimeshalipia nusu.

NesiZamu: Hicho ndicho kinachohusika hasa! Tamoksifeni inaziba vipokezi vya estrojeni, homoni ya kike, kwenye titi, na joto ni dhara lake la kawaida. Jenisteini ya soya, mojawapo ya isoflavoni (kemikali za mmea zinazofanana na estrojeni), inashika vipokezi hivyohivyo. Soya ya chakula haina neno, vidonge vyenye isoflavoni nyingi achana navyo. Asiye na historia yako hutumia miligramu 40 hadi 80 za isoflavoni kwa siku, na asitegemee jibu kabla ya wiki 12. Kuna dawa za joto zisizo za homoni, muulize daktari kuhusu venlafaksini au gabapentini. Paroksetini na fluoksetini usiguse, zinazuia ini kuifanya tamoksifeni ifanye kazi.

Kigambonian: Kalipia nusu kwa nani? Akaunti ya leo, kesho inashuka namba ya muuza dozi. Tangazo hili.

MzeeKijiwe: Nilinusa mapema.

Makorora76: Mngejua ninavyolala msingesema hivyo. Kopo la hiyo dozi lina soya na mzizi wa black cohosh, mmea wa kigeni wa kutuliza joto hili.

NesiZamu: Huo mzizi umehusishwa na kuumia kwa ini. Macho ya njano au mkojo wa rangi ya chai, acha siku hiyohiyo. Matone ya damu ukeni je?

Makorora76: Kidogo, wiki iliyopita. Nilidhani hedhi imerudi.

Kigambonian: Duh.

NesiZamu: Kesho asubuhi kliniki. Sema "natumia tamoksifeni, nimetoka damu", waangalie ukuta wa kizazi kwa ultrasaundi, maana tamoksifeni inaweza kuunenepesha. Kopo nenda nalo.