Tupeane uzoefu: mpira wa kitako cha bunduki, wewe ulikuharibikia wapi?

Mzee wa Marisau: Wakuu, leo nimeshika shotigani ya marehemu baba, kidole kikapita kwenye lile kovu la kitako, nikaumia upya. Enzi za uhai wake nilinunua mpira laini wa inchi moja wa kupunguza teke la bunduki begani, ule unaokuja mkubwa ili uusage mwenyewe ufuate umbo. Kukata nilikata vizuri: tepu ya karatasi kuzunguka mti usichanike, msumeno wa meno madogo, nikatoa inchi ileile moja ili urefu wa kifyatulio hadi begani usibadilike. Balaa lilikuja kwenye kusaga. Nikaufunga, nikawasha grenda. Kumbe mpira laini ukipata moto hausagiki, unavutika kama bigjii! Nikakandamiza. Diski ikateleza ikala mti karibu sentimita tatu. Baba yuko barazani ananitazama. Akauliza tu, "Umemaliza?"

Dada Shabaha: Hapo kwenye grenda ndipo tunapofia wote.

Seremala Mstaafu: Pole mkuu, ila uliyataka. Mpira hausagwi ukiwa kwenye bunduki. Unaubana kitakoni, unachora mzunguko kwa msumari mkali, unautoa, unasaga nje ya mstari polepole kwa msasa namba 80. Halafu unaurudisha, mti umeufunika tepu, unamalizia kwa mkono na kibao, 120 kisha 220. Na upande wa chini ufuate mshazari wa kitako. Ukiusaga wima, unatokeza kama kiatu cha kuazima.

Kijana wa Friza: Mimi huulaza kwenye friza kwanza, unakuwa mgumu, unasagika safi.

Seremala Mstaafu: Dakika mbili tu umeshalainika. Friza ni ya samaki.

Kijana wa Friza: Mke wangu alisema hivyohivyo.

Raia Mwema: Nyie mnachezea silaha majumbani? Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Pelekeni kwa fundi mwenye leseni.

Mzee wa Marisau: Ndugu, ni mpira. Sijagusa mtutu.

Raia Mwema: Mtaenda kumweleza OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, hivyo.

Mtoto wa Rungwa: Mnalilia shotigani? Mimi nilipewa .458, bunduki ya wanyama wakubwa, yenye kitako cha chuma kitupu bila mpira. Nyati yuko hatua arobaini. Sikuibana begani sawasawa. Teke lake! Darubini ikanipiga juu ya jicho, damu ikaziba macho, nikakaa chini kama mtoto. Nyuzi nne.

Dada Shabaha: Na nyati?

Kijana wa Friza: Nyati je?

Mzee wa Marisau: Jamani uzi wangu ulikuwa wa mpira.

Dada Shabaha: Subiri mkuu. Nyati alianguka?

Fundi wa Mtaa: Wakati tunasubiri: tundu za skrubu zipasueni kwa wembe, mpake sabuni kwenye bisibisi, la sivyo inachana uso wa mpira. Ule mti uliokatwa upakeni mafuta ya kitani kabla ya kufunga, usinywe maji. Vitambaa vya mafuta hayo msivirundike, vinawaka vyenyewe. Vumbi jeusi lile vaeni barakoa.

Kijana wa Friza: Mimi nilikohoa weusi siku mbili.

Seremala Mstaafu: Kwenye friza?

Mtoto wa Rungwa: Nyati aliondoka. Risasi ilipiga kichuguu.