Soko la chapo Pipeline nitalipimaje?

MamaChapo: Niaje wadau, nauza chapo (chapati) hapa Pipeline, Nairobi, mbao moja (bob 20) kila moja, siku nzuri naishiwa saa mbili usiku. Nataka kuomba mkopo wa chama na mweka hazina ananiuliza soko lako ni kubwa kiasi gani, nikamwambia Nairobi ina watu 4,397,073 kwa sensa ya 2019 akakataa kabisa. Nimjibu aje?

Wa_Donholm: Alikuwa sawa dadangu, mtu wa Kawangware hawezi panda mat mbili kufuata chapo yako. Soko lako ni wale wanaokufikia kwa miguu. Hesabu ploti za karibu, tuseme ni kumi za nyumba 60, hizo ni nyumba 600, nusu wakinunua chapo nne mara mbili kwa wiki ni chapo 2,400, yaani 48,000 bob. Wewe unauza ngapi?

MamaChapo: Kama 360 kwa wiki

Wa_Donholm: Basi una asilimia 15 ya hilo soko, zingine wanachukua majirani wako ama watu wanajipikia. Hiyo ndio namba ya kupeleka chama.

Fundi254: Na usiwaweke wateja wote kapu moja. Sisi wa mjengo tunataka chapo na madondo (maharagwe) saa sita, tunalipa Ijumaa, mama wa ploti anataka kumi kwa karatasi jioni akitoka job. Wiki moja andika kwa kitabu nani amenunua na saa ngapi, utashangaa