Naomba ushauri: nirudishe draiva ya modemu iliyoondolewa na Windows?

Karani wa Masasi: Ndugu wanajukwaa, kompyuta ya ofisini ilipokea masasisho ya Windows ya Oktoba 2025, na tangu hapo modemu yake ya faksi (kifaa cha kutumia hati kupitia laini ya simu) haitambuliki, ilhali msimu wa korosho umefunguliwa na mnunuzi anasubiri hati. Nielekezeni namna ya kurudisha draiva ya zamani, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa hicho.

Fundi Ligula: Ndugu Karani, draiva hiyo iliondolewa makusudi. Faili la ltmdm64.sys, lililokuja na Windows kwa ajili ya modemu za kampuni ya Agere, lilikuwa na kasoro ambayo wavamizi walikwisha kuitumia, nayo humwezesha mwenye akaunti ya kawaida kujitwalia mamlaka ya msimamizi hata pale modemu isipotumika. Kompyuta hiyo ina intaneti? Inafanya kazi gani nyingine?

Binti Mikindani: Sisi shuleni tulikuwa na printa ya zamani iliyotaka draiva isiyotengenezwa tena, na mkuu wetu akakataa kununua nyingine mpaka mitihani ikakwama. Ofisi zetu zione ununuzi wa vifaa kuwa ni wajibu.

Karani wa Masasi: Intaneti ipo. Kwa kuwa mmeniuliza, ndiyo kompyuta tunayoandalia malipo ya wakulima na kuingilia benki. Jana niliyaondoa masasisho na modemu ikarudi. Sioni hatari, maana tunaitumia wawili tu na ina kizuia virusi.

Mzee wa Nachingwea: Kisa hiki nakitilia shaka. Nani bado anatuma faksi? Huenda mtu anatafuta mbinu ya kulegeza kompyuta isiyo yake.

Binti Mikindani: Shikamoo mzee. Japani zipo ofisi zinazotumia faksi hadi leo.

Fundi Ligula: Kiwe cha kweli au cha kutunga, jibu langu ni lilelile. Mvamizi hahitaji kukalia kiti chenu: mmoja wenu akifungua kiambatisho kibaya cha barua pepe, draiva hiyo itampa mvamizi njia ya kufika kwenye kiini cha mfumo, sehemu inayotawala kompyuta nzima, na akiwa huko anaweza kukizima hicho kizuia virusi. Rudisha masasisho, badilisha nywila za benki kwa kutumia kompyuta nyingine, kisha tafuteni mashine ya faksi inayojitegemea, ichomekwe kwenye laini ya simu.

Karani wa Masasi: Nitarudisha baada ya hati za Ijumaa kwenda.

Fundi Ligula: Basi hadi Ijumaa chomoa waya wa intaneti, na malipo ya wakulima yafanyike kwenye kompyuta nyingine.